Turbo ya Kijapani kwenye milima ya Butembo

Butembo, mashariki mwa Kongo, imekaa juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 inazopanda. Toyota Carina iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 120 hufika Butembo na 100 hivi, kabla hata ya kupakia abiria wanne na magunia ya maharage. Beni, kilomita 54 upande wa kaskazini, iko chini zaidi, kwa hiyo hasara yake hupungua kidogo. Kwa hiyo kijana wa Butembo anayetafuta gari lake la kwanza na kuulizia turbo hatafuti sifa tu. Fizikia iko upande wake.

Turbo ni kifaa cha kurudisha hewa ambayo mlima umeinyima injini. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu dogo la mapanga. Kwenye ncha ya pili ya ekseli ya gurudumu hilo kuna mapanga mengine yanayovuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, petroli huongezwa, na nguvu hupanda. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na kanuni yake haijabadilika hadi leo. Jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulikumbuka kila siku ni kwamba ekseli hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isiungue ni utando mwembamba wa oili.

Kati ya magari marefu ya familia yenye turbo, yale ambayo Wakongo wa mashariki huyaita breki, Subaru Legacy ndiyo yenye historia nzito. Januari 1989, Legacy za sedani zenye turbo zilikimbizwa kilomita 100,000 huko Arizona, Marekani, kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Mwaka huohuo breki yake ya GT iliingia sokoni Japani. Mwaka 1996 injini ya lita 2 ilifikishwa nguvu za farasi 280, kiwango ambacho viwanda vya Japani vilikuwa vimekubaliana kutokivuka. Injini hiyo ilitumia turbo mbili zinazopokezana, na ndani ya boneti kulijaa mipira myembamba ya hewa ambayo ikizeeka hupasuka, na gari hupoteza nguvu bila sababu inayoonekana kwa macho. Legacy iliyotoka mwaka 2003 ilirudi kwenye turbo moja. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza hiyo ndiyo ya kuchagua, au Subaru Forester yenye turbo, ambayo pia imeinuka zaidi juu ya mashimo.

Ukweli ni kwamba Butembo na Beni ni miji ya Toyota. Fundi wa kila mtaa anaijua Toyota, na vipuri vyake vimejaa madukani. Mwenye Subaru hutegemea Kampala, hasa soko la Kisekka, na kipuri kinachokosekana kinaweza kulilaza gari kwa wiki. Anayenunua afanye hesabu ya vipuri hivyo kabla ya kulipa.

Gari lenyewe huja kwa njia ndefu. Likishushwa Mombasa huendeshwa zaidi ya kilomita 1,500 kupitia Malaba, Kampala na Kasese hadi Mpondwe, kisha huvuka mto Lubiriha na kuingia Kasindi. Hapo idara ya forodha (DGDA) hutoza ushuru na ofisi ya ukaguzi (OCC) hukagua. Kanuni za umri wa magari yanayoruhusiwa kuingia zimetiliwa mkazo tangu amri ya serikali ya mwaka 2012, kwa hiyo swali la umri liulizwe duani, yaani forodhani, kabla fedha hazijatumwa Japani, si gari likiwa limekwisha kufika mpakani. Kutoka Kasindi barabara ya RN4 hushuka kwenye joto la bonde la Semliki, kisha hupanda hadi Beni. Barabara hiyo imeshuhudia mashambulizi, na kuna vipindi ambavyo magari yamesafiri kwa misafara inayolindwa na wanajeshi. Dereva anayekwama porini pale kwa sababu radieta imepasuka amekutana na jambo zito kuliko aibu ya kusukumwa. Kwa sababu hiyo, katika ukanda huu gari huboreshwa kwanza kwa kulifanya lisisimame njiani. Nguvu za ziada huja baadaye, kama zitahitajika.

Kazi huanza na oili. Gari likifika, oili ya zamani imwagwe pamoja na filta yake, hata kama muuzaji anaapa kwamba vidanje ilifanyika juzi. Baada ya hapo oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na mapema zaidi kwa anayekula vumbi la Lubero kila wiki. Kwenye baadhi ya injini za Subaru za miaka ya 2000, bomba linalopeleka oili kwenye turbo lina kijiwavu kidogo ndani ya bolti yake. Kijiwavu hicho kikiziba kwa masizi, turbo hukauka na kufa, na mwenye gari hununua nyingine ambayo nayo hufa kwa sababu ileile. Fundi akifungue na akisafishe mwanzoni kabisa. Mkanda wa taimingi nao, kwenye injini hizi, ukikatika valvu hugonga pistoni. Japani huubadilisha kwenye kilomita 100,000, na kwa kuwa odometa inaweza kuwa imerudishwa nyuma, ni salama zaidi kuubadilisha bila kubishana na namba za dashibodi.

Upoozaji ufuate. Radieta, feni, thermostati na mipira yake vikaguliwe, na baada ya maji kubadilishwa hewa yote itolewe, kwa sababu injini ya Subaru imelala ubavu na hewa iliyobaki ndani huleta joto linalounguza gasketi ya silinda. Baada ya mpando mrefu dereva asizime injini papo hapo. Aiache ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili, turbo ipoe oili ikiwa bado inapita.

Kisha matairi, kwa sababu hapo watu wengi huharibu gari bila kujua. Legacy na Forester huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyolika nyuma huzunguka kwa kasi tofauti, na tofauti hiyo humezwa na giaboksi hadi inapoungua. Matairi ya mitumba yanayouzwa moja moja kando ya barabara hayafai hapa. Yanunuliwe manne, ya aina moja, yaliyolika sawa.

Ndipo vijana hufika kwenye wanachokitamani: presha zaidi ya turbo, filta ya wazi, na valvu inayopiga mluzi kila gia inapobadilishwa. Kwenye mita 1,700 turbo tayari inazunguka kwa kasi zaidi kuliko ingezunguka Mombasa ili kufikia presha ileile. Anayeiongezea presha kwa kijiskurubu, bila kompyuta ya injini kupangwa upya, huisukuma hadi mwisho wa uwezo wake huku petroli ikibaki pungufu kwa hewa iliyoingia. Mchanganyiko huo hulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Filta ya wazi hunyonya hewa ya moto ya chini ya boneti na vumbi jekundu pamoja nayo, na vumbi hilo hukwangua mapanga ya turbo. Boksi la filta la kiwandani, likiwa na filta safi, hufanya kazi bora. Na petroli yenyewe ni mpaka: injini hizi ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo haishuki chini ya oktani 96, wakati petroli ya kadafi, muuzaji wa kando ya barabara, kwenye bidoni haina hati yoyote. Mwenye turbo achague kituo kinachouza sana na akizoee. Akisikia injini inagonga kama kokoto, apunguze mguu mara moja. Fedha ya kuongeza nguvu iende kwenye breki za magurudumu na amotisere.

Lipo jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kongo huendesha upande wa kulia, na gari la Japani limeundwa kuendeshwa upande wa kushoto, usukani ukiwa kulia. Dereva aliye nyuma ya lori la Fuso haoni mbele hadi atokeze nusu ya gari, kwa hiyo abiria wa kushoto huwa ndiye macho yake. Mataa nayo yana kasoro kubwa zaidi: taa fupi ya Kijapani hurusha mwanga juu upande wa kushoto, ambako Japani kuna ukingo wa barabara, lakini kati ya Beni na Butembo ndiko yaliko macho ya dereva anayekuja na ya mwenye pikipiki. Kushusha taa kwa bisibisi hupunguza tatizo bila kulimaliza. Dawa ni mataa ya modeli zilizouzwa Ulaya bara au Marekani, ambazo kwa Legacy na Forester zipo. Wafanyabiashara wa Butembo wanaojaza makontena ya vipuri kutoka ng'ambo waanze kuyaleta, na mafundi wa miji hii miwili wayahesabu kuwa kipuri cha kwanza cha kufungwa gari linapotoka Kasindi.