Ramani ya udongo: Uchachu sawa, fosforasi kapime

Mkulima mwenye simu ya intaneti sasa anaweza kufungua ramani ya udongo ya Afrika na kutazama shamba lake. Ramani hiyo, ambayo watafiti waliieleza katika jarida la Scientific Reports mwaka 2021, imegawa bara katika vipande vya mita 30 kwa 30. Ekari moja ina vipande vinne hadi vitano. Je, inatosha kwenda nayo dukani kununua mbolea?

Hakuna aliyechimba kila kipande. Sampuli zilikuwa takriban 150,000 kwa bara zima. Kwingine kote kompyuta imekisia, ikisaidiwa na picha za setilaiti. Wala kazi haikuachiwa programu moja. Programu kadhaa za mbinu tofauti zilikisia kila moja kivyake, kisha nyingine ikajifunza ipi isikilizwe zaidi na ipi kidogo.

Wafugaji hawatashangaa. Mwaka 1906 huko Plymouth, Uingereza, watu walinunua kadi za kukisia uzito wa nyama ya maksai mmoja akishachinjwa. Mwanasayansi Francis Galton alipozipanga kadi 787, kisio la katikati lilipishana na mzani kwa kilo nne hivi, na maksai alikuwa wa kilo 543. Waliozidisha walifidiwa na waliopunguza. Lakini hilo hutokea pale tu kila mtu anapokosea kivyake. Madalali kumi wa kijiwe kimoja ni sawa na dalali mmoja.

Ramani nayo ina tatizo hilo, kwa sababu programu zote huchota kisima kimoja, yaani sampuli zilezile. Ili kuzipima, watafiti waligawa sampuli mafungu matano kufuata maeneo, wakafundisha kwa manne na kujaribu kwa la tano, kwa zamu. Uchachu wa udongo ulipata alama 0.90, ambapo 1 ni kupatia kabisa. Fosforasi iliambulia 0.65. Kirutubisho hiki hutofautiana hata kati ya majirani, kutegemea nani aliweka samadi na nani hakuweka.

Kwa hiyo anayefikiria chokaa anaweza kuanzia kwenye ramani. Anayetaka kununua DAP, mbolea ya bei kali inayonunuliwa hasa kwa fosforasi yake, heri apeleke udongo maabara kwanza. Achimbe mahali kumi hivi, kina cha sentimita 20, akikwepa kando ya zizi na palipochomwa takataka, achanganye katika ndoo safi, na nusu kilo aifunge kwenye mfuko wenye jina la shamba.