Meko ya gesi Upare: gharama kubwa iko kwenye dohani

WAKATI mji wa Same uko tambarare na joto lake halipungui sana, vijiji vilivyo juu yake katika Milima ya Upare huingia kwenye baridi na ukungu kila Juni hadi Agosti. Huko ndiko moto wa sebuleni unakohitajika, na ndiko mwenye nyumba ya zamani anayetaka kuhama kutoka kuni kwenda gesi anakoweza kupoteza fedha zake asipoanza na dohani, yaani njia ya kutolea moshi.

Ujenzi wa mawe na matofali ya kuchoma ulienea milimani humo pamoja na misheni. Waadventista walianza Giti, Mamba, mwaka 1903, na Walutheri wa Leipzig walikuwa na vituo kadhaa, kikiwamo cha Mbaga alikofanya kazi Jakob Dannholz. Nyumba ya umri huo ikiwa na meko ukutani, dohani yake ilijengwa kwa ajili ya kuni: pana, yenye kuta za chokaa au udongo, na iliyozoea moshi wa moto mkali.

Kuni zenyewe si za kuokota ovyo. Msitu wa Chome, wenye kilele cha Shengena cha meta 2,462, ni hifadhi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, lakini unahusu jikoni, si sebuleni. Anayetaka kuota moto wa gesi atajigharimia mwenyewe.

Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay haifiki Same kwa bomba. Inayouzwa madukani ni ya mitungi, ambayo huingia nchini kwa meli. Jiko la kuotea la kilowati 4 hula takriban kilo 0.3 kwa saa. Kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unatosha saa 50 hivi, sawa na jioni 12 za saa nne nne. Mtungi mdogo wa kilo 6 hauvuki jioni ya tano. Nyumba ya wageni yenye meko mawili itamaliza mtungi wa kilo 38 kwa siku 16 hivi, na bei ya kuupandisha mlimani iongezwe juu ya bei ya duka la mjini.

Hapo ndipo wengi huishia katika hesabu zao, na kusahau kwamba gesi inapoungua hutoa maji. Kila kilo moja hutoa takriban kilo 1.6 za mvuke, maana yake mtungi wa kilo 15 ukiisha, karibu lita 24 za maji zimepita kwenye dohani. Moshi wa kuni huwa wa moto kiasi cha kupanda wenyewe. Wa gesi umepoa zaidi, na katika dohani pana hupoa kabisa, mvuke hugeuka matone, na matone hayo yenye tindikali hula chokaa na kuyeyusha masizi ya miaka mingi. Dalili ya kwanza ni doa la kahawia kwenye ukuta wa chumba cha juu. Dalili ya pili haionekani: moshi ulioshindwa kupanda hurudi chumbani ukiwa na kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu waliolala. Harufu inayowekwa kwenye gesi ya mtungi humtahadharisha mtu gesi inapovuja, siyo inapoungua vibaya.

Dawa yake ni bomba la ndani, linaloteremshwa kutoka juu na kuzibwa vizuri pande zote mbili. Uingereza iliagiza dohani za nyumba mpya ziwekwe bitana tangu kanuni za ujenzi za 1965. Dohani ya mraba wa milimita 225 ina nafasi mara nne ya bomba la milimita 125 ambalo hutosha jiko la gesi la kawaida, na wembamba huo ndio unaoufanya moshi upande haraka kabla haujapoa. Wapare hawahitaji kuelezwa mengi juu ya kuongoza moto, kwani wahunzi wa ukoo wa Washana walipuliza tanuri zao za chuma kwa mifereji ya udongo.

Bomba liwe la chuma kisichoshika kutu. Bati la kawaida ni rahisi, lakini tindikali hulitoboa. Fundi bati asiyezoea kazi hii huunganisha vipande kwa kufuata moshi, ilhali inatakiwa kufuata maji: ncha nyembamba itazame chini, matone yatiririke ndani bila kupenya kwenye maungio. Masizi yakwanguliwe kwanza.

Mwinuko nao una lake. Kwenye meta 1,400 hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, hivyo jiko lililopimwa kwa matumizi ya pwani litaungua vibaya hadi tundu lake la gesi libadilishwe. Nyumba za mteremkoni pia huwa na vyumba vya chini, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja sebuleni hujikusanya huko chini. Mtungi ukae nje, mbali na mlango wa chumba hicho.

Mnunuzi ajue pia kwamba bomba jepesi la gesi halifai kuni. Gesi ikipanda bei na akarudi kwenye magogo, atalitoa na kununua lingine la kuta mbili. Kwa mwenye shamba lenye migrivea yake mwenyewe, hilo la kuta mbili na jiko la kuni la kufungwa mlango huenda likamlipa mapema kuliko gesi. Asiye na shamba atabaki na mtungi, na fundi wake awashe kitambaa kinachofuka ndani ya meko na kuangalia kama moshi wote unatokea juu ya paa kabla jiko halijafungwa.