Fahamu: Ford iliacha saluni, mnunuzi wa kipato cha kawaida akaenda wapi?
Aprili 2018, kampuni ya Ford ilitangaza kuachana na karibu magari yote ya saluni katika soko la Amerika Kaskazini, Mustang ikabakizwa. Wateja walikuwa wamehamia kwenye SUV na pikapu, na faida iko huko, kwa kuwa pikapu huuzwa ghali zaidi.

Lakini kijana anayetafuta gari jipya la kwanza anunue nini? Mwaka 2021 ikaja Maverick ya Ford, pikapu ndogo ambayo toleo lake la mseto, yaani linalotumia petroli na umeme kwa pamoja, bei yake ilianzia chini ya dola 20,000. Gharama zilibanwa kwa kuijenga juu ya msingi uleule wa SUV za Ford, Bronco Sport na Escape. Oda zikafurika hadi Januari 2022 Ford ikasimamisha kwa muda kupokea nyingine za toleo hilo la mseto. Wengi wa wanunuzi hawakuwahi kumiliki pikapu. Kwangu huo ni ushahidi kwamba watu hawakuchoka magari ya bei nafuu. Viwanda ndivyo vilivyochoka kuyatengeneza.

Inasikitisha kuwa bei ile haikudumu. Imepandishwa mara kadhaa, na kwenye modeli ya 2024 mfumo wa mseto ukawa wa kulipiwa zaidi.