Safari ya Kilwa Ianzie kwa Wenyeji

Wapo wenzetu hapa Mwankoko ambao, alizeti ikisha kuuzwa, wangependa kwenda kuuona mji wa kale wa Kilwa Kisiwani. Nia hiyo tunaiunga mkono, ila safari yenyewe si ya kukurupuka. Ni kupita Dodoma na Dar es Salaam, kuvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, kisha kupanda mashua Kilwa Masoko. Masika yaepukwe: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo huko Somanga.

Huko upo Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, na jumba la Husuni Kubwa juu ya bahari. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331, akausifu uzuri wake. Wareno wakaupora mwaka 1505. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1981; na tangu 2004 hadi 2014, jambo la kusikitisha, ulihesabiwa miongoni mwa urithi ulio hatarini.

Walakini magofu hayo yamo kijinini mwa watu, wavuvi na wakulima kama sisi. Kwa hiyo twawaomba wakuu wanaohusika watangaze mapema, hata huku bara, ada ya kibali na nauli ya mashua, na wenyeji wapewe nafasi ya kwanza katika kuwaongoza wageni na kuwalisha. Nanyi ndugu zetu wa kisiwani, tutakapofika tuelekezeni pa kuvua viatu na pasipokanyagwa.