Mama Alijulikana Dukani

Wengi wetu tukisikia habari za Uingereza tunawaza jumba la kifalme, au maduka makubwa ambayo milango yake inafunguka yenyewe. Lakini wanawake wa nchi ile waliozaliwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia waliishi maisha mengine kabisa ya dukani, ambayo mama wa Moshi au wa Kisumu asingeyaona mageni. Walikwenda dukani karibu kila siku, kikapu mkononi, kwa sababu nyumba nyingi hazikuwa na friji. Walituma watoto. Walikopa. Na mwenye duka aliwajua kwa majina, akajua na idadi ya watu waliokuwa wakiwalisha.

Hayo niliyasikia kwa wenyewe, nilipofanya kazi ya uuguzi kwa miaka kadhaa katika nyumba ya kutunzia wazee kaskazini mwa Uingereza. Wengi wa wazee wale walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mmoja wao hakuwa anajua tena majina ya watoto aliowazaa. Lakini ukimwuliza, "Mama, namba yenu ya dukani ilikuwa ngapi?" aliitaja papo hapo, tarakimu kwa tarakimu, bila kukwama. Wala hakuwa peke yake. Waingereza wa umri ule wanajulikana kwa jambo hili: namba ya mama zao ya duka la ushirika wameishika hadi uzeeni, hata kama mengine yote yamefutika.

Namba hiyo ilikuwa ya nini?

Duka la Rochdale

Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa viwanda wa Rochdale karibu na Manchester, watu wachache wa kipato kidogo, wakiwemo wafumaji wa vitambaa, walifungua duka lao wenyewe katika mtaa uitwao Toad Lane. Walianza na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa, basi. Siku zile maskini alinunua uchafu kwa bei ya chakula. Unga ulichanganywa na chaki, na majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa na kuuzwa tena. Wana-ushirika wa Rochdale walikubaliana juu ya mambo matatu: chakula safi, mizani ya haki, na malipo taslimu. Tena faida iliyopatikana waliirudisha kwa wanachama, kila mmoja kwa kadiri ya manunuzi yake. Malipo hayo Waingereza waliyaita "divi".

Maduka ya namna hiyo yalienea Uingereza nzima. Kila mwanachama alikuwa na namba. Mama akinunua mkate au sabuni aliitaja namba yake, karani akaiandika kwenye kikaratasi pamoja na fedha aliyotoa, na kikaratasi akakitunza nyumbani mpaka siku ya divi. Ndiyo maana mtoto aliyetumwa dukani alifundishwa namba hiyo akiwa bado mdogo sana. Akiisahau, divi ya manunuzi hayo imepotea, naye atakiona cha moto nyumbani! Fedha ile ndiyo iliyonunua viatu vya watoto au makaa ya mawe ya majira ya baridi.

Hapa kuna jambo ambalo akina mama tulitazame vizuri. Kabla ya sheria za mwaka 1870 na 1882, mali na fedha za mwanamke aliyeolewa huko Uingereza zilihesabiwa kuwa za mumewe. Mshahara wa baba ungeweza kuishia kilabuni siku ya Ijumaa. Divi haikupita kilabuni. Ilitokana na kikapu cha mama, na mara nyingi ni mama huyo huyo aliyekwenda kuipokea.

Kutokana na kikapu hicho kulizaliwa pia umoja. Mwaka 1883 wanawake wa maduka hayo waliunda chama chao, Women's Co-operative Guild, kilichodumu hadi mwaka 2016. Katibu wake kwa miaka mingi, Margaret Llewelyn Davies, aliwaomba wanachama waandike juu ya uzazi wao. Barua zao zilichapishwa mwaka 1915 katika kitabu kiitwacho Maternity. Mimi niliyesomea uuguzi nilikisoma kwa machozi. Wanawake waliinama juu ya beseni la kufulia hadi saa ya uchungu, wengine waliharibu mimba mara kwa mara, na wengine walikula kilichobaki baada ya mume na watoto kushiba. Chama hicho ndicho kilichopigania fedha za uzazi, shilingi 30 zilizowekwa na sheria ya bima ya mwaka 1911, ziwe mali ya mama mwenyewe, na mwaka 1913 jambo hilo likakubaliwa.

Ndani ya duka

Basi tuingie ndani. Mnunuzi hakushika kitu. Alisimama mbele ya kaunta, na palikuwa na kiti kwa ajili ya wazee na wenye mimba. Jibini ilikatwa kwa waya. Siagi ilichotwa kutoka kwenye bonge kubwa na kupigwapigwa kwa vibao viwili vya mti hadi ikapata umbo. Sukari ilipimwa na kufungwa katika karatasi ya buluu. Biskuti zilikuwa ndani ya madebe, na zile zilizovunjika ziliuzwa kwa bei ndogo, jambo lililowafurahisha sana watoto. Katika maduka makubwa fedha iliwekwa ndani ya kikopo kidogo, kikarushwa juu ya waya hadi kwa keshia aliyekaa kwenye chumba chake cha kioo, kisha chenji ikarudi kwa njia hiyo hiyo juu ya vichwa vya watu. Wazee wetu walipolisimulia hilo waliinua macho darini, kana kwamba kikopo bado kinapita.

Sisi wauguzi tulijifunza kutumia kumbukumbu hizo. Mzee anayekataa kula, mpe sabuni nyekundu ya zamani ainuse, au pakiti ya zamani ya chai aishike, halafu mwulize bucha yao ilikuwa wapi. Mara anazungumza, na akizungumza kijiko kinaingia. Huko County Durham kuna makumbusho ya Beamish, ambako duka la ushirika la kijiji cha Annfield Plain lilihamishwa na kujengwa upya, na wazee hupelekwa huko kulitazama.

Lakini tusidanganyane. Maisha yale yalikuwa na uchungu wake. Duka la ushirika lilitaka fedha taslimu, na asiye nayo alikimbilia duka la kona, ambako deni liliandikwa daftarini hadi siku ya mshahara. Mwandishi Robert Roberts, aliyekulia katika duka la namna hiyo huko Salford mwanzoni mwa karne ya 20, ameeleza katika kitabu chake The Classic Slum (1971) jinsi mama yake alivyolazimika kupima ni nani akopeshwe na ni nani akataliwe. Pima uzito wa kazi hiyo: kumwambia jirani hapana, na watoto wake unawajua. Wengine Jumatatu walipeleka suti ya baba kwenye duka la rehani, wakaikomboa Jumamosi ili aivae Jumapili kanisani.

Duka la dawa nalo, lenye chupa kubwa za maji ya rangi dirishani, ndilo lililokuwa daktari wa maskini. Bima ya mwaka 1911 ilimtibu mfanyakazi, si mke wake wala watoto wake. Mama alieleza kikohozi cha mtoto mbele ya kaunta, akarudi na chupa ya dawa. Hali hiyo ilibadilika tarehe 5 Julai 1948, matibabu ya bure yalipoanza kwa watu wote.

Miaka ya mgao

Wale kati yetu waliopanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataelewa habari hii kwa haraka. Mgao wa chakula Uingereza ulianza tarehe 8 Januari 1940 kwa nyama ya nguruwe ya chumvi, siagi na sukari, ukaisha Julai 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha. Mkate wenyewe uliwekwa katika mgao wakati wa amani, mwaka 1946 hadi 1948. Kila familia iliandikishwa kwa mwenye duka mmoja, naye akakata vikuponi. Lakini mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wa chini ya miaka mitano walipewa kitabu cha rangi ya kijani. Kiliwapa maziwa zaidi ya nusu lita kwa siku, mayai ya ziada, na nafasi ya kwanza matunda yakipatikana. Serikali iliyokuwa vitani, na meli zake za chakula zikizamishwa, iliona vema kumtanguliza mjamzito.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1950 Sainsbury's ilifungua duka la kujihudumia huko Croydon, na mengine yakafuata. Sheria ya mwaka 1964 iliondoa bei zilizopangwa na wenye viwanda, hivyo wakubwa wakapunguza bei na wadogo wakashindwa. Namba za divi zikaanza kuacha nafasi yao kwa stempu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1994 maduka makubwa yaliruhusiwa kufunguliwa Jumapili kwa muda wa saa sita, jambo ambalo makanisa mengi yalilipinga. Woolworths, iliyoanza Liverpool mwaka 1909, ilifunga duka lake la mwisho Januari 2009.

Hata hivyo duka la kona halikufa, na waliolishika ni watu tunaowafahamu. Mwaka 1968 Wahindi wengi wa Kenya walihamia Uingereza. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, akiwapa siku 90, na kiasi cha watu 28,000 wakapokewa huko. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitoa hata tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Walikuja. Wengi walinunua maduka ambayo Waingereza walikuwa wakiyaacha, wakayafungua alfajiri na kuyafunga usiku, mume, mke na watoto wakipokezana kaunta.

Ukipita Barabara ya Belgrave mjini Leicester utaona muhogo ukiuzwa, nao wanauita "mogo". Wengi wa watoto waliofanyia kazi za shule nyuma ya kaunta zile walisoma wakawa wafamasia, madaktari na wahasibu, na wazazi walipozeeka hawakutaka kulirithi duka. Walioyanunua baadhi ya maduka hayo ni wageni wengine, waliotoka mbali zaidi, nao wanafungua alfajiri.