Mwanga na Kipimo cha Dawa za Maradhi ya Akili

Katika vyumba vidogo vya kupanga vya Sanyuanli, ukingo wa dirisha mara nyingi ndio kabati la dawa. Kwa baadhi ya dawa za kutibu saikosisi, yaani maradhi ambayo humfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo au ashikilie dhana zisizo na msingi, mahali hapo hapafai. Mwanga huiharibu dawa yenyewe, na huweza pia kupotosha majibu ya maabara.

Mfano ulio wazi ni klorpromazini, ambayo wengi waliotoka Afrika Mashariki huifahamu kwa jina la Largactil. Ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili nchini Ufaransa mwaka 1952. Dawa hii hufyonza miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ikavunjika na kugeuka kuwa kitu kingine. Ile ya maji ikiachwa mwangani hubadilika rangi, na iliyobadilika sana haifai tena kutumiwa. Ndiyo sababu hutiwa katika chupa za kahawia. Haloperidoli nayo huhifadhiwa mbali na mwanga.

Maabara hupima kiasi cha dawa kilichomo katika damu ili daktari ajue kama dozi inatosha au imezidi. Sampuli yenye dawa ya namna hii ikikaa mwangani, sehemu ya dawa huweza kuvunjika kabla ya kupimwa, na namba itakayotoka ikawa ndogo kuliko ukweli. Hapo ndipo penye hatari. Daktari atadhani mgonjwa anaficha vidonge chini ya ulimi, jamaa wataanza kumlaumu, na dozi itaongezwa pasipo haja. Kwa hiyo wataalamu hufunika mirija kwa karatasi ya alumini au hutumia vyombo vya kahawia. Kazi hiyo ni yao, si ya mgonjwa. Lakini majibu yasiyolingana na hali yake yakitoka, familia ina haki ya kuomba kipimo kirudiwe kabla dozi haijabadilishwa.

Wakati wa kutoa damu una uzito uleule. Kwa klozapini, inayotumiwa sana nchini China, damu hutolewa takriban saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kabla ya kumeza inayofuata. Daktari aambiwe pia kuhusu sigara: moshi wake hupunguza klozapini mwilini, na anayeacha kuvuta ghafla huweza kuzidiwa na dozi ileile ya zamani.

Nyumbani, dawa ibaki katika pakiti yake, ndani ya droo, na iletwe kliniki ikiwa hivyo hivyo, hata ile iliyotumwa na ndugu kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Anayetumia klorpromazini huungua upesi kwa jua; avae kofia na mikono mirefu. Mtumiaji wa klozapini akipata homa au koo kuuma, apimwe damu siku hiyo hiyo. Homa kali pamoja na misuli kukakamaa ni dharura: namba ya gari la wagonjwa ni 120.