Kabla Hujaitumia Chenji, Igeuze

Mpe konda wa Hiace ya Kimandolu, hapa Arusha, noti ya elfu moja, atakurudishia sarafu mbili tatu ambazo utazitumbukiza mfukoni bila kuzitazama. Mama wa genge pale kando ya barabara ya Moshi naye hazitazami. Anazihesabu kwa kidole, anazimwaga kwenye kopo, anaendelea kufunga nyanya. Hivyo ndivyo sarafu yenye thamani kuliko ile iliyoandikwa inavyoweza kuzunguka miaka na miaka, kutoka Tengeru hadi soko la Kilombero, bila mtu kuigundua. Kuitafuta hakuhitaji mtaji: usipoona kitu, mia mbili yako inabaki kuwa mia mbili.

Ijue kwanza iliyo sawa

Swali la kwanza la anayeanza huwa ni sarafu gani inauzwa pesa nyingi. Liweke kando kwa muda. Asiyejua sarafu ilivyo ikiwa sawa hawezi kujua lini imekosewa. Ataruka nayo sarafu iliyokwaruzwa na lami na kuipita ile iliyokosewa kiwandani.

Bahati nzuri, zinazotembea sana mikononi mwetu leo ni za aina nne tu. Hamsini ina sura ya Mzee Mwinyi upande mmoja, na upande wa pili faru na mtoto wake. Mia ina Mwalimu Nyerere na swala. Mia mbili ina Mzee Karume na simba wawili. Mia tano, iliyoingia mwaka 2014, ina Mzee Karume na nyati. Mia tano ilikuja kuchukua nafasi ya noti iliyokuwa ikichakaa upesi kwa kupita mikono mingi. Noti yenyewe Benki Kuu iliiondoa pamoja na noti nyingine za zamani katika zoezi lililofanyika kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025.

Chukua sarafu kumi za mia mbili, uzipange mezani kwa miaka. Utakuta za 1998, za 2008 na za 2014. Zitazame kwa utaratibu uleule kila mara: sura, maandishi, mwaka, mnyama, tarakimu za thamani, kisha ukingo. Washa tochi ya simu na uilaze pembeni, mwanga uje kwa mshazari. Mwanga wa juu moja kwa moja huficha alama ndogo. Lenzi ya kukuza ya bei nafuu inatosha. Baada ya jioni chache za namna hiyo jicho litaanza kusimama lenyewe penye tofauti.

Kasoro huzaliwa kiwandani

Sarafu hutengenezwa kwa hatua chache. Bamba la madini hukatwa vipande vya mviringo visivyo na chochote. Kila kipande huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wenye sura na mwingine wenye mnyama, kisha mashine hugonga mara moja kwa nguvu kubwa. Kasoro ya kweli inatoka katika mojawapo ya hatua hizo. Kama huwezi kuitaja hatua iliyoizaa, huenda huna kasoro mkononi.

Kipande kikikatwa kwenye ukingo wa bamba au juu ya tundu lililokwisha kukatwa, sarafu hutoka imemegeka kwa mkato safi. Kikikaa vibaya chini ya muhuri, picha husogea upande mmoja na kuacha sehemu tupu upande mwingine. Muhuri ukilegea na kuzunguka, mnyama hulala wakati sura imesimama. Hili ni rahisi kulipima: shika sarafu kwa vidole viwili sura ikiwa wima, igeuze kama unavyofungua ukurasa wa kitabu, kisha ufanye vivyo hivyo kwa sarafu tano za aina hiyohiyo. Moja ikikataa kukaa kama wenzake, itenge. Muhuri uliochoka nao hupasuka, na ufa huo huonekana kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Mstari ulioinuka ni wa muhuri. Mstari uliozama ni mkwaruzo wa mtaani.

Mojawapo ya kasoro zinazotafutwa sana ni muhuri kutengenezwa ukiwa na maandishi mawili yaliyopandana. Nchini Marekani, senti ya mwaka 1955 yenye maandishi yaliyojirudia namna hiyo inasakwa hadi leo. Nyingine ni kuoanisha mihuri isiyooana. Uingereza, mwaka 2008, mwaka ulihamishwa kutoka upande mmoja wa sarafu ya peni 20 kwenda upande wa pili. Muhuri mpya ukaunganishwa na wa zamani, na sarafu zisizo na mwaka wowote zikaingia mitaani. Wananchi wenyewe ndio waliozigundua, kwenye chenji.

Kwa upande wetu, nyingi ya "kasoro" watu wanazodai kuzipata ni ajali za barabarani. Sarafu iliyokanyagwa na gari, iliyochomwa jikoni, iliyotobolewa ili ivaliwe au iliyobadilika rangi kwa chumvi na jasho imeharibika tu, haikukosewa. Mia tano ni chuma kilichopakwa nikeli, na ganda likichubuka kwa matumizi chuma huanza kushika kutu. Jaribu sumaku: kama wenzake wote wananasa na moja hainasi, hapo pana jambo la kuchunguza, hata kama jambo lenyewe ni sarafu bandia.

Uzee peke yake si bei

Kwenye vibubu vya wazee wa Meru na Arusha bado zinatoka sarafu za zamani, na hapo watu wengi hudanganyika. Sarafu zetu za kwanza za mwaka 1966, zilizochorwa na Christopher Ironside, msanii huyohuyo aliyechora sarafu za desimali za Uingereza, ni nzuri kwa macho: senti tano yenye samaki sulisuli, senti ishirini yenye mbuni, hamsini yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Zilipigwa kwa wingi. Iliyochakaa hununuliwa kwa bei ndogo sana. Iliyobaki na mng'ao wake wa kiwandani ndiyo inayotafutwa.

Mfano mzuri zaidi ni senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka 1936. Mfalme Edward VIII alitawala kwa muda usiofika mwaka mmoja kabla ya kujiuzulu mwezi Desemba mwaka huo. Sarafu hizo zilikuwa na tundu katikati, hivyo hazikuhitaji sura yake, jina pekee lilitosha, na viwanda vikazipiga mamilioni. Mfalme ni adimu, sarafu yake si adimu. Hata hivyo tafuta herufi ndogo karibu na mwaka: H ni kiwanda cha Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham, na nyingine hazina herufi kabisa. Kukusanya aina zote za mwaka mmoja ni zoezi zuri la kuanzia, na halitakufilisi.

Za Wajerumani zina kisa kirefu zaidi. Ndani ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1916, koloni lao lilikuwa limezingirwa na sarafu kutoka Berlin na Hamburg hazikufika tena. Karakana ya reli ya Tabora ikaanza kupiga sarafu zake, zenye herufi T. Sarafu za heller 20, za shaba na za shaba nyeupe, zilipigwa kwa mihuri iliyochongwa hapohapo kwa mkono, ndiyo maana hazifanani. Nyingine zina taji kubwa, nyingine dogo. Kwenye neno HELLER ncha za L kwa baadhi zimechongoka na kwa nyingine zimejikunja. Tofauti ya ncha ya herufi moja ndiyo inayobadilisha bei. Rupia 15 za dhahabu zenye tembo zilipigwa hapohapo Tabora, 16,198 tu, na hizo ndizo adimu kweli.

Rupia hizo ndizo matapeli wanazozipenda. Akija mtu na habari za rupia ya Mjerumani inayovuta mchele au inayonunuliwa kwa mamilioni na tajiri asiyetajwa, ukitakiwa kwanza utoe hela ya "kuipima", ondoka. Mnunuzi wa kweli hatozi chochote ili anunue, na huanza kwa kuuliza mwaka, kiwanda na hali ya sarafu.

Sheria nayo imeweka mipaka. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, hivyo sarafu za masultani wa Kilwa zikifukuliwa shambani si mali ya kuuza. Zinapaswa kutolewa taarifa. Kukata au kuyeyusha sarafu zinazotumika pia ni kosa la jinai.

Usisafishe

Ukipata sarafu unayoishuku, usiisugue. Limau, majivu, dawa ya meno na steel wool humaliza ngozi ya juu ya madini, na mkusanyaji mzoefu huliona hilo kwa mtazamo mmoja. Ng'arisha uone, utakuwa umeiua bei. Ishike kwa ukingo, ifunge kwenye karatasi safi kavu, andika juu yake mwaka, mahali ulipoipata na unachokishuku. Masika ya Arusha yana unyevu mwingi, kwa hiyo usiiweke kwenye kabati linalogusa ukuta wa nje wala kwenye mfuko wa plastiki laini unaonuka.

Pa kutafuta ni pengi. Mwenye kioski atakubali kukubadilishia kopo la sarafu kwa noti, kwa sababu chenji nyingi humlemea. Mhazini wa kanisa huhesabu sadaka kila Jumapili na atafurahi ukimpunguzia mzigo wa kwenda nao benki. Kibubu cha mtoto kikivunjwa, kipitie kabla hakijatumika. Chenji ya kopo la zamani ndiyo bora, kwa sababu imelala bila kupita mikononi mwa wengi.

Anza wiki hii na daftari moja na aina moja, tuseme mia mbili. Andika kila mwaka unaouona na unaukuta mara ngapi. Baada ya miezi michache utakuwa na orodha ya mitaa yako mwenyewe, itakayokuambia kipi cha kawaida na kipi si cha kawaida kuliko video yoyote ya mtandaoni. Na usiuze sarafu yoyote mpaka uweze kumweleza mwenzako, kwa maneno yako mwenyewe, inatofautiana vipi na nyingine za aina yake na tofauti hiyo ilitokea hatua gani kiwandani. Ukishayajua hayo mawili, ndipo utafute mnunuzi.